Bahari Kutoka Runyenjes: Al-Inkishafi na Masimulizi ya Mbwaa

Uhakiki wa fasihi ya bahari katika Afrika Mashariki umezoea kuanzia ufuoni. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mapema karne ya 19, husomwa kama maombolezo ya Pate: majumba yaliyoneemeshwa na biashara ya Bahari ya Hindi, vidaka vya vyombo vya Kichina, kisha magofu. Usomaji huo ni sahihi, ila haujatimia. Neema ya Pate ilitokana pia na pembe za ndovu, na ndovu havuliwi baharini.

Ukitazamwa kutoka Runyenjes, katika nchi ya Waembu chini ya Mlima Kenya, utenzi huo hudai kusomwa sambamba na fasihi simulizi ya bara. Wameru, majirani wa kaskazini, husimulia kwamba walitoka Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, walikotumikishwa na Nguo Ntune, yaani watu wa nguo nyekundu. Walipewa mitihani isiyowezekana, kama kutengeneza kiatu chenye manyoya ndani na nje, hata wakatoroka kwa kuvuka maji. Baadhi ya wataalamu wameihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, jirani ya Pate. Wengine wameshuku athari ya Biblia, kisa cha Musa. Kwa mhakiki, hata hivyo, swali la ramani halimalizi swali la maana. Katika Al-Inkishafi, mshairi huomboleza jumba lililoanguka. Katika Mbwaa, mtumwa husimulia jinsi alivyolikimbia. Pwani ni ile ile, hukumu ni mbili.

Waembu wenyewe hawaitaji bahari. Chimbuko lao ni Mwenendega, ambaye kichaka chake kitakatifu kiko karibu na Runyenjes, na Nthara, mwanamke aliyekutana naye mtoni. Kudai kwamba wameisahau bahari ni kuwavika masimulizi ya jirani. Bahari iliwafikia kama shanga na nguo, kupitia wafanyabiashara wa Kikamba, ambao misafara yao, kama ile ya Kivoi aliyeuawa mwaka 1851, ilifika Mombasa. Iliingia sokoni bila kuingia katika kisasili.

Kimya hicho nacho ni ushahidi: si kila jamii iliyoguswa na biashara ya bahari iliikubali kuwa mwanzo wake. Mtaala unaofundisha Al-Inkishafi pekee humzoeza mwanafunzi kusikia kilio cha jumba, asiwasikie waliolikimbia wala wasiolihitaji.