Sadaka ao Malipo? Santuri ya Pili ya Staff Benda Bilili



Fundi viatu aliye kilema akikushonea kiatu, utampa sadaka ao malipo? Kila mtu atajibu: malipo. Sadaka hutolewa kwa sababu ya shida ya mtu; malipo hutolewa kwa sababu ya kazi yake. Tena kiatu kikibana, utamwambia bila haya, maana yeye ni fundi, na fundi huambiwa kweli.

Swali hilo lilitujia tulipokuwa tukisikiliza tena santuri ya pili ya Staff Benda Bilili, wanamuziki wa Kinshasa. Jina lake ni Bouger le monde, ndiyo kusema: kuusogeza ulimwengu. Ilitoka mwaka wa 2012. Wengi waliisifu, lakini twaogopa kwamba wengine walitoa sadaka tu.

Kwanza tuwakumbushe habari za watu hawa. Wengi wa waimbaji wa kundi hili walipatwa na polio utotoni, ugonjwa ule unaopoozesha miguu, nao walitembea mjini kwa baisikeli za magurudumu matatu. Mkubwa wao alikuwa Papa Ricky Likabu. Pamoja naye waliimba Coco Ngambali na Théo Nzonza. Kijana Roger Landu, mwenye miguu mizima lakini aliyelelewa na barabara, alipiga satonge. Chombo hicho ni cha ajabu: kopo tupu, kijiti kilichopindwa, na uzi mmoja tu wa chuma. Jina la kundi ni la Kilingala, nalo hufasiriwa hivi: tazama yaliyo nyuma ya sura.

Santuri yao ya kwanza, Très très fort, ilitoka mwaka wa 2009. Mbelgiji Vincent Kenis alinasa sauti zao nje, katika bustani ya wanyama ya Kinshasa. Humo mna wimbo «Polio», unaowahimiza wazazi wapeleke watoto wao wachanjwe, na wimbo «Tonkara», juu ya watu wanaolala juu ya makaratasi magumu barabarani. Mwaka wa 2010 sinema juu ya maisha yao ilionyeshwa Cannes, katika Ufaransa. Toka hapo walijulikana katika nchi nyingi.

Basi, mtu akipigiwa makofi kwa huruma, hupigiwa mara moja tu. Mara ya pili watu huuliza: je, anaimba vizuri? Ndiyo sababu santuri ya pili ilikuwa mtihani mkubwa kwao kuliko ile ya kwanza.

Na sisi twajibu: ndiyo, wanaimba vizuri, tena sana. Muziki wao ni mchanganyiko. Msingi wake ni rumba yetu ya zamani. Juu yake wametia foanki ya Wamarekani weusi, rege ya Jamaika, na ukali wa rok. Kuchanganya si kazi rahisi. Mama akitia kila kitu katika sombe, mwisho hatutambui tena kama ni sombe. Hapa sombe imebaki sombe. Ngoma zikienda mbio namna gani, waimbaji wanapokezana na kuitikiana kama wazee wa rumba walivyofanya, na sikio halipotei njia.

Satonge nayo imekua. Katika santuri ya kwanza tuliishangaa kama mtoto mwerevu anayecheza mbele ya wageni. Katika hii ya pili inasimama uso kwa uso na gitaa la umeme, wala haioni haya. Uzi mmoja unalia, unacheka, unagombana. Hakuna anayesikia sauti ile akafikiri habari za kopo. Pengine hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Wimbo tunaoupenda zaidi ni ule juu ya Kuluna, yaani makundi ya vijana wanaotisha watu katika mitaa ya Kinshasa. Wengi huwasema vijana hao kwa hasira ao kwa hofu. Lakini waimbaji hawa wanaijua barabara, wamelala juu yake. Sauti yao kwetu si ya polisi. Ni ya baba mdogo anayemwita mtoto arudi nyumbani.

Sasa tuseme na makosa, maana tumeahidi malipo, si sadaka. Safari hii waliimba ndani ya studio, na kuta zinasikika. Katika bustani ile, kati ya sauti na sauti ulipita upepo. Hapa nafasi zote zimejazwa. Nyimbo nyingi zina moto uleule, na msikilizaji hapati kivuli cha kupumzikia. Tena mara nyingi vyombo vinasukuma maneno nyuma. Sisi watu wa mashariki, ambao Kilingala chetu tumekipata kwa redio, twahitaji kusikia kila neno. Hatukuona humo wimbo ulio wazi kama «Polio», ambao mama akiusikia mara moja anajua la kufanya kesho asubuhi. Kwa hiyo twasema hivi: santuri ya kwanza inagusa moyo zaidi, ya pili ni kazi ya mikono iliyokomaa.

Mwaka wa 2013 Coco na Théo waliliacha kundi, na safari ya Ulaya ikafutwa. Mwaka wa 2015 wakatoa santuri From Kinshasa pamoja na kundi jipya, Mbongwana Star. Na mbongwana maana yake ni mageuzi. Mtu aliyewapenda kwa huruma atasema: tazama, maskini wameona pesa, wameharibika. Lakini tukumbuke mwaka wa 1963: Tabu Ley Rochereau na Docteur Nico walimwacha Grand Kallé na African Jazz yake, wakaanzisha African Fiesta. Miaka michache baadaye, wao wawili nao wakaachana. Hakuna aliyesema kwamba miguu yao ndiyo sababu. Wanamuziki hugombana kwa ajili ya pesa, sifa na njia ya kupiga muziki, wawe wazima ao vilema. Kumdai kilema awe mtakatifu kuliko wengine ni njia nyingine ya kumkatalia utu wake.

Basi, ndugu, ukiipata santuri hii, funika picha iliyo juu ya jalada, ukae, usikilize mpaka mwisho. Ukipenda, sifu, usipopenda, sema. Sadaka yako kamtolee yule anayekunyoshea mkono. Watu hawa hawakukunyoshea mkono, wamekuimbia.