Kuitoa Aseniki Majini kwa Njia ya Tando

Visima vya pampu za mkono vilienezwa vijijini Bangladesh tangu miaka ya 1970, kwa kusudio jema la kuwaepusha raia na maradhi ya kuharisha yatokanayo na maji ya madimbwi; lakini mwaka 1993 ilithibitika kwamba humo mna aseniki, sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha, iliyotoka katika udongo wenyewe wa nchi ile ya mito. Shirika la Afya Duniani lashauri lita moja ya maji isizidi mikrogramu 10 za sumu hiyo; sheria ya Bangladesh yaruhusu 50.

Katika njia zilizojaribiwa za kuiondoa sumu hiyo imo ile ya tando, na wengi hudhani utando ni chekecheke tu yenye matundu madogo. Dhana hiyo haitoshi, kwani aseniki hukaa majini kwa sura mbili zenye tabia mbalimbali, aseneti na aseniti. Aseneti hubeba chaji hasi, na kwa kuwa utando wa uchujaji wa nano nao aghalabu una chaji hasi, huifukuza, hata ikazuilika zaidi ya sehemu tisa kwa kumi. Ilhali aseniti, ambayo haina chaji mpaka maji yakaribie pH 9, ni molekuli ndogo ipenyayo kwa wepesi, na hata osmosisi ya kinyume, yaani kuyasukuma maji kwa shinikizo kubwa yapenye utando uliobana mno, huiachia sehemu isiyo haba. Na maji ya visima vile, kwa kukosa oksijeni huko chini, aghalabu yamejaa aseniti.

Ndiyo maana mafundi hutangulia kuigeuza aseniti iwe aseneti kwa klorini au pamanganeti. Hapa pataka hadhari kubwa, madhali klorini hiyo hiyo huula utando uliotengenezwa kwa plastiki iitwayo poliamaidi, basi sharti masalio yake yaondolewe kabla maji hayajaufikia.

Njia niionayo bora kwa vijiji ni kutia kloridi ya chuma: aseneti hunata katika madonge ya chuma, nayo huzuiwa na utando wa matundu mapana, kwa shinikizo dogo na umeme kidogo kuliko osmosisi, ambayo yafaa zaidi miji yenye maji ya chumvi na fedha za kuendeshea mitambo.

Hata hivyo utando hauiangamizi sumu, bali huitenga, ukaacha nyuma maji machache au tope lenye aseniki nyingi kuliko ya kisimani. Asiyepima kwanza sura ya aseniki iliyomo, wala kuandaa mahali salama pa kuyaweka masalio hayo, afadhali asijenge mtambo.