Kikao Bora cha Walimu Husomwa Kwenye Yatokanayo

Anayejua samani hukipindua kiti akatazama maungio kabla ya kusifu rangi. Kikao cha walimu nacho kina upande wake wa chini, na upande huo ni sehemu ya yatokanayo katika kitabu cha kumbukumbu. Wengi wetu hukipima kikao kwa yanayoonekana haraka: kimeanza saa nane kamili, akidi imetimia, ajenda zimepitiwa zote, hakuna waliogombana, watu wamewahi kurudi nyumbani. Ni mambo mema, na kuchelewa kuanza ni kuwakosea heshima waliowahi. Hata hivyo kikao kinaweza kuwa na sifa hizo zote kisibadili hata dakika tano za kipindi cha kesho. Ninachoshikilia ni kwamba ubora wa kikao cha shule, na wa timu inayokaa humo, hujulikana kwa kuangalia yaliyoazimiwa mara iliyopita yamerudi mezani kwa namna gani.

Chukua kaunta buku ya idara ya Hisabati katika shule ya msingi. Ukikuta azimio lisemalo "walimu waongeze juhudi ili kuinua ufaulu", hapo hakuna kilichoazimiwa. Kazi haina mwenyewe, haina tarehe, wala hakuna atakayejua kama juhudi imeongezeka au la. Lilinganishe na hili: "Walimu wa Darasa la Tano walete daftari kumi kutoka kila mkondo, zenye zoezi la kujumlisha sehemu, Alhamisi ijayo, mwalimu wa mkondo B ataongoza." Azimio hili linaweza kushindwa, na thamani yake iko hapo hapo. Alhamisi ikifika, daftari ziko mezani au haziko. Zikiwepo, mazungumzo yanageuka. Lile lalamiko la kwamba watoto wa siku hizi hawajitumi linakosa nafasi, kwa sababu kila mtu anatazama 1/2 + 1/3 iliyojibiwa 2/5. Mtoto amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, na wa mkondo mwingine amefanya vivyo hivyo. Kosa hilo lina mantiki yake: mtoto ametumia kanuni anayoijua ya namba nzima mahali isipofanya kazi. Walimu wakishaliona pamoja, shida haiwi tena ya mwalimu mmoja anayeona aibu. Inakuwa kazi ya idara. Sasa wanaulizana kama mada ianzwe upya kwa kukunja karatasi au kwa mchoro, na nani afundishe kwanza wenzake wakiangalia.

Njia hii si ngeni. Walimu wa Japani wameitumia kwa zaidi ya karne moja: wengi huandaa somo moja, mmoja hulifundisha, wote hukaa kulijadili. Kenya iliingiza mawazo ya aina hiyo kupitia mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani. Tanzania nayo ina jumuiya za ujifunzaji chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Muundo upo, kinachotofautisha shule na shule ni kinachofanyika ndani yake.

Hapa msomaji makini wa yatokanayo anahitaji tahadhari. Kitabu ambacho kila azimio lina neno "limetekelezwa" kisimfurahishe upesi. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali, akitarajia kwamba timu bora zingekuwa na makosa machache. Takwimu zilionyesha kinyume: timu zenye uongozi bora na uhusiano mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba katika timu hizo watu walikuwa huru kuyasema. Kwa kipimo hicho, maneno "tulijaribu, watoto bado wanachanganya asili, tunaomba msaada" ni dalili ya afya. Anthony Bryk na Barbara Schneider, waliochunguza shule za msingi za Chicago na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002, walikuta kwamba shule ambazo watu wake waliaminiana sana zilikuwa na nafasi moja kati ya mbili ya kuwemo katika kundi lililopiga hatua katika hisabati na kusoma. Zile za imani hafifu zilikuwa na nafasi moja kati ya saba. Kuaminiana peke yake hakufundishi sehemu, lakini bila kuaminiana hakuna atakayeleta daftari zenye makosa mbele ya wenzake.

Yuko atakayesema kwamba kwetu mwalimu kijana hawezi kutaja upungufu mbele ya mkuu wa shule na wakubwa wake. Hoja hii ina uzito, na kumlaumu kijana kwa woga si haki. Jibu liko katika mpangilio wa mazungumzo. Daftari zitangulie, watu wafuate. Mwenye umri na cheo aseme mwishoni, kama wazee wanavyofunga mjadala barazani. Mkuu akitoa msimamo wake mwanzoni, yatakayofuata yatakuwa ni kuitikia tu. Mwingine atasema mwalimu mwenye darasa la watoto themanini hana muda wa vikao vya namna hii. Kweli, muda ni mchache, na ndiyo sababu ya kutoutumia kusomeana matangazo. Ratiba ya zamu, michango na barua za halmashauri zibandikwe ubaoni au zitumwe kwenye kundi la WhatsApp, na dakika arobaini za kikao zibaki na jambo moja. Wapo pia wanaokumbusha kwamba njaa na umbali wa shule huangusha matokeo kuliko kikao chochote. Hilo sina ubishi nalo. Ndiyo maana sipimi kikao kwa matokeo ya mtihani. Naipima timu kwa kile kilicho mikononi mwake: je, ilifanya ilichosema, na ilipokwama, ilisema?

Hatimaye angalia mwandiko na majina. Ikiwa mwenyekiti ni yule yule mwaka mzima na azimio kila mara linamwangukia mtu mmoja, basi idara ina mchapakazi, bado haijapata timu. Tafuta kikao kilichofanyika mkuu wa idara akiwa likizo ya uzazi au masomoni, kisha soma yatokanayo ya siku hiyo kwa makini kuliko kurasa nyingine zote.