Nukta Chini ya Mwaka

Ukimkuta mkusanyaji wa sarafu za Kanada kazini, utadhani ameangusha kitu na anakitafuta. Mezani kuna kitambaa, taa ya kuinama, lenzi inayokuza mara kumi na bunda la senti 25 lililotoka benki jana, sarafu 40 kamili. Anachukua moja, anaishika ukingoni kwa vidole viwili asiguse uso wake, anaiinamisha kwenye mwanga, anaizungusha taratibu. Kisha anaigeuza kama mtu anavyofunua ukurasa wa kitabu. Sarafu ya Kanada ukiigeuza hivyo, upande wa pili nao husimama wima. Ukiukuta umelala, mihuri haikufungwa sawa. Anaiweka chini. Zimebaki 39. Bunda zima huweza kwisha bila kitu, naye atalirudisha benki na kuomba jingine.

Anachowinda kina majina mawili, na wenye kazi yao hawayachanganyi. Kosa ni ajali iliyoipata sarafu moja siku ilipopigwa. Aina ni tofauti iliyomo kwenye muhuri wenyewe, yaani kile chuma kigumu kinachogonga sura juu ya kipande cha madini, na kwa hiyo hujirudia katika kila sarafu iliyotoka chini ya muhuri ule, ziwe elfu au laki. Kosa ni kovu la mtoto mmoja. Aina ni pua ya ukoo mzima.

Somo la kwanza la jicho ni kutenganisha kilichoinuka na kilichozama. Muhuri ukipata ufa, madini husukumwa ndani ya ufa ule, na sarafu ikatoka na mstari ulioinuka kama mshipa kwenye mkono wa mzee. Mkwaruzo wa funguo mfukoni huzama. Hapo mwenye lenzi keshajua lipi lilitokea kiwandani na lipi lilitokea mtaani, na la mtaani halina bei.

Kuna jingine linalonifurahisha zaidi. Vipande vya sarafu hukatwa kwenye bati refu, kama mpishi anavyokata biskuti kwa mdomo wa glasi. Bati lisiposogea vya kutosha, mkato wa pili huangukia penye tundu la kwanza, na kipande kikatoka kimemegwa. Sasa, mtu yeyote mwenye tupa anaweza kuimega sarafu nzima na kudai ni kosa la kiwanda. Lakini kipande kabla hakijapigwa muhuri hubanwa pembeni ili ukingo wake uinuke, na penye pengo hakuna cha kubana, kwa hiyo hata upande unaoelekeana na pengo hukosa msukumo. Matokeo yake ukingo wa huko ng'ambo huwa hafifu, umefifia kama maandishi ya chaki. Mwenye tupa hashughuliki na ng'ambo. Mkusanyaji mzoefu hulitazama pengo mara moja tu, kisha akaenda moja kwa moja upande wa pili.

Aina nazo zina visa vyake, na kisa kikubwa ni cha 1936. Mfalme George V alifariki Januari mwaka huo. Mwanawe Edward VIII akarithi, na London ikaanza kutayarisha sura yake kwa ajili ya sarafu za himaya nzima ya Uingereza. Desemba akaachia kiti, akaja ndugu yake George VI, na matayarisho yote yakaanza upya. Kiwanda cha Ottawa kikaingia 1937 bila mihuri ya mfalme mpya huku wafanyabiashara wakidai chenji. Ikabidi wairudie mihuri ya marehemu yenye mwaka 1936, na chini ya mwaka wakaweka nukta ndogo, ili ijulikane kwamba sarafu hizi ni za mwaka uliofuata.

Senti 25 zenye nukta ziliingia sokoni na bado huonekana. Senti moja ni kitendawili: kumbukumbu za kiwanda zinataja zaidi ya 678,000, ila zinazojulikana kuwapo ni tatu. Zote tatu ziliwahi kuwa mikononi mwa mtu mmoja, mkusanyaji wa Kimarekani John Jay Pittman, na mojawapo iliuzwa mnadani Januari 2010 kwa zaidi ya dola 400,000 za Marekani. Bei ya namna hiyo huita mafundi wa njia za panya, na nukta zimebandikwa kwenye senti za kawaida za 1936 mara nyingi. Jicho huenda kwenye shina la nukta: je, imeota kutoka kwenye madini yale yale, au imekaa juu yake kama tone la nta?

Nifungue mabano kidogo. Kanada haikuwahi kutumia sarafu yenye jina la Edward VIII. Afrika Mashariki ilitumia. Ndururu na peni zetu zilikuwa na tundu katikati, hazikuwa na kichwa cha mfalme wa kusubiriwa, jina lilitosha. Kwa hiyo zile za 1936 zilipigwa zikiwa na jina lake na zikafika hadi magengeni kwetu. Mfalme ambaye Ottawa ilimkosa, bibi zetu walinunua chumvi kwa sarafu zenye jina lake.

Miaka kumi baadaye historia ilijirudia. India ilipojitawala 1947, cheo cha mfalme kuwa mtawala wa India kilipaswa kuondolewa kwenye sarafu, na vifaa vipya vikachelewa tena kutoka London. Safari hii Ottawa iliendelea kupiga sarafu za 1947 ndani ya 1948, na baada ya mwaka ikaweka jani dogo, lile tulionalo leo katikati ya bendera ya Kanada. Hapa mgeni hukosea hesabu. Senti moja ya 1947 yenye jani si adimu, ni ya dola chache. Dola ya 1948, isiyo na alama yoyote ya ajabu, ndiyo inayovuka dola 1,000, kwa sababu vifaa vilipofika mwaka ulikuwa umekwenda na zikapigwa 18,780 tu.

Lakini ufundi wenyewe, kwangu mimi, uko kwenye senti za Malkia Elizabeth. Sura yake ya 1953 ilichongwa na Mary Gillick, na ilikuwa imeinuka mno kiasi kwamba mkunjo wa vazi begani haukutoka vizuri. Mchongaji wa Ottawa, Thomas Shingles, akaitengeneza upya mwaka huo huo. Mihuri ya zamani ikapaswa kupumzika. Haikupumzika yote: baadhi ilitumika 1955, na senti ya mwaka huo isiyo na mkunjo begani, ikiwa imetunzwa vizuri, ni ya mamia ya dola.

Tatizo ni kwamba bega ndilo sehemu inayolika upesi. Senti iliyozunguka miaka thelathini haina mkunjo hata kama ilizaliwa nao. Wajuzi basi huliacha bega na kusoma maandishi: kwenye sura ya kwanza herufi I imepanuka ncha zote mbili, kwenye ya pili imenyooka kama mti wa kiberiti. Senti ya 1965 ni ngumu kuliko hiyo. Ina aina nne, kwa kuangalia shanga za ukingoni kama ni kubwa au ndogo, na ncha ya tarakimu 5 kama ni kali au butu. Shanga kubwa na 5 kali ndiyo adimu. Asiyeamini macho yake kuhusu shanga huitazama herufi A ya mwisho wa REGINA, kama inaelekea shanga au inaelekea katikati ya mbili.

Bei huandikwa kila mwaka katika orodha ya Charlton, lakini orodha haikushikii sarafu. Daraja la hali, lenye kilele cha 70, ndilo linaloamua, na mwenye shaka huipeleka kwa wapimaji. Adui mkubwa ni usafi: sarafu iliyosuguliwa ikang'aa hupoteza ngozi yake, na pamoja nayo sehemu kubwa ya bei.

Senti ya Kanada yenyewe ilipigwa mara ya mwisho Winnipeg tarehe 4 Mei 2012. Nawe, kama kwenye kopo la vifungo la bibi yako imo peni yenye tundu ya 1936, haitakutajirisha, maana zilikuwa nyingi. Hata hivyo, usiisugue kwa ndimu na majivu.