Mwamba Ngoma na Waitikiao

Neno ngoma katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja, na wingi huo wa maana si umaskini wa lugha. Ngoma ni mzinga wa mti uliowambwa ngozi. Ngoma ni mchezo uchezwao kwa mzinga huo. Ngoma ni mkutano wa watu waliokusanyika kwa ajili ya mchezo. Tena katika vinywa vya wazee wa pwani ngoma ni uganga, kwani mgonjwa wa pepo huchezewa ngoma kama mgonjwa mwingine anyweshwavyo dawa. Jirani zetu wa Rwanda na Burundi wana maana nyingine juu ya hizo: ingoma kwao ni ngoma, na ni ufalme pia. Katika maana zote hizi ni ya kwanza peke yake ambayo mtu mmoja aweza kuwa nayo nyumbani kwake na mlango umefungwa. Nyingine zote zataka watu.

Twaanza na neno hili kwa kuwa yameenea Ulaya na Marekani mafundisho yasemayo kwamba mtu mwenye huzuni, msiba usiokwisha au maradhi ya moyo aweza kujiponya kwa kuunda ngoma kwa mikono yake mwenyewe. Mafundisho hayo yana vitabu vyake, walimu wake na ada zake, na mara nyingi huitaja Afrika kuwa shahidi wake. Shahidi akitajwa barazani ana haki ya kuulizwa. Basi nia ya insha hii ni kumwuliza shahidi huyo, na kupima kama asemalo ndilo asemewalo.

Kwanza tuyaeleze mafundisho yenyewe kwa haki. Mwanafunzi hupewa pete ya mti, upana wake kama sinia, pamoja na ngozi mbichi ya mbuzi, kulungu au mnyama mwingine, iliyolowekwa majini hata ikalainika. Hufundishwa kumshukuru mnyama na mti. Kisha huitandaza ngozi juu ya pete, huitoboa matundu kandokando, hupitisha ukanda upande wa nyuma kutoka tundu hadi tundu la mkabala wake, na mwisho huzifunga kanda zote katikati zikawa mshikio. Ngozi ikikauka hujikaza yenyewe, na ngoma hupata sauti. Kazi ya mikono huisha kwa siku moja au mbili, na muda wote huo mwanafunzi huambiwa aitie ngomani nia yake: ombi lake, majuto yake, au jina la marehemu wake.

Si haki kuicheka kazi hii. Mikono iliyoshughulika huupumzisha moyo, na jambo hilo halikuvumbuliwa ng'ambo. Mjane akaaye eda akasuka ukili hakuambiwa na mtu kwamba anajitibu, lakini vidole vyake vyajua. Aliyeshindwa kuyatengeneza maisha yake hupata faraja akitengeneza kitu kimoja kikatengenea. Hata hapa hatuna ugomvi na mwalimu. Ugomvi waanza asemapo kwamba kazi hiyo ndiyo uganga wa ngoma, na kwamba mababu wa mataifa mbalimbali walifanya ayo hayo.

Aliyeyatia mafundisho haya nguvu kuliko wengi ni Michael Harner, mtaalamu wa Marekani wa elimu ya watu na mila zao. Alikaa na Washuar wa Ecuador na Wakonibo wa Peru, na mwaka 1980 alitoa kitabu chake The Way of the Shaman. Humo alifundisha kwamba pigo la ngoma lililo sawa na la haraka, zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, humchukua msikilizaji akasafiri katika ulimwengu wa roho. Ili njia hiyo ipitike kwa mtu yeyote, aliziweka kando mila za kila taifa akabakiza kile alichokiona kuwa kiini chake.

Neno kiini ndilo la kuhojiwa. Nazi ikifuliwa makumbi hubaki nazi, na mwenye kufua hana hasara. Lakini kitunguu kikimenywa ganda baada ya ganda, mwenye kutafuta kiini hubaki na machozi. Je, uganga wa ngoma ni nazi au ni kitunguu? Harner aliuchukua kama nazi. Sisi twaona kwamba yale aliyoyafua kuwa makumbi, yaani jamaa, lugha, nyimbo, deni na ada, ndiyo mwili wa kitu chenyewe.

Tutazame hata umbo la ngoma hiyo ya pete. Ngoma za namna hiyo ni za mataifa ya kaskazini, Siberia na nchi ya Wasami. Msami mzee, Anders Poulsen, alinyang'anywa ngoma yake mwaka 1691, akashtakiwa Vadsø, kaskazini ya Norwei, kwa sababu ya kuitumia. Mbele ya baraza alitakiwa kueleza picha zilizochorwa juu ya ngozi, moja baada ya moja, na mwaka 1692, kabla ya hukumu kutolewa, aliuawa. Ngoma ilipelekwa Denmark. Mwaka 1979 ilirudishwa Karasjok kwa mkopo tu, na mwaka 2022 ndipo milki yake ilipohamishiwa kwa makumbusho ya Wasami. Taifa zima lilidai mzinga mmoja kwa miaka mingi. Hawakuudai kwa kuwa hawakuweza kuwamba ngozi nyingine. Waliudai kwa kuwa sauti yake ilikuwa yao sote. Aliyeunda wake kwa siku mbili, kwa ajili ya nafsi yake, ana kitu kizuri, lakini hana kitu hicho.

Wako wanaojibu kwamba mila si hoja, kwa sababu nguvu imo katika pigo lenyewe. Andrew Neher aliandika mwaka 1962 kwamba mapigo ya ngoma huyavuta mawimbi ya ubongo yakafuata mwendo wake, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya watu kupandwa na pepo. Gilbert Rouget, mwanachuoni wa Ufaransa, alimjibu katika kitabu chake La musique et la transe, kilichotoka mwaka 1980, mwaka ule ule wa kitabu cha Harner. Jawabu lake latosha hata kwa mtu asiyejua elimu ya ubongo: kama pigo peke yake lingetosha, nusu ya Afrika ingalikuwa imepandwa na pepo mwaka mzima. Watu wangapi husikia ngoma ya harusi usiku kucha, wakarudi makwao na akili zao? Ngoma humpanda aliyefundishwa kupandwa, mahali palipowekwa kwa kazi hiyo, mbele ya watu wanaomngojea. Rouget hakuikanusha nguvu ya ngoma; alionyesha inakokaa.

Sasa na tumwulize shahidi. Habari za pepo na waganga wa pwani ziliandikwa kwa Kiswahili chetu wenyewe na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Kwa desturi hizo mgonjwa, aitwaye mwele, huwekwa kilingeni. Hufukizwa buhuri. Fundi huimba, na jamaa pamoja na wateja huitikia. Ziko ngoma nyingi: msondo mrefu, vumi yenye sauti nzito, chapuo ndogo yenye haraka, kumbwaya yenye miguu. Kila pepo ana nyimbo zake na pigo lake, na fundi hujaribu moja baada ya jingine hata pepo apande kichwani, ataje jina lake na kusema atakalo. Hutaka nguo, pete, mbuzi au karamu, na wenye mgonjwa ndio watakaotoa.

Kama pepo yuko au hayuko si swali la mhakiki wa vitabu, na waumini wengi wa dini zetu wana neno lao juu yake. Lililo wazi ni hili: mwele hakuichonga ngoma ile, wala hakuiwamba, na mara nyingi hakuigusa. Ilichongwa na fundi mwingine, ikapigwa na wengine, na ngozi ilipolegea kwa umande wa usiku wakatokea vijana wakawasha makuti wakaipasha moto. Katikati ya kazi za hao wote amekaa mtu mmoja ambaye labda nyumbani kwake hakusikilizwa miaka kumi. Usiku ule mumewe, wakweze na majirani wamekaa kimya wakingoja aseme nini. Je, dawa ilikuwa ngozi ya mbuzi, au kule kungojewa?

Wataalamu waliofanya kazi mbali na pwani walikuta jambo lile lile. Victor Turner, katika The Drums of Affliction cha mwaka 1968, aliandika habari za Wandembu wa Zambia, ambao kwao pia ngoma na uganga huitwa kwa neno moja. Alionyesha kwamba ugonjwa wa mmoja hufunua ugomvi wa kijiji, na mganga haondoki mpaka yaliyofichwa yamesemwa. John Janzen, katika kitabu chake Ngoma cha mwaka 1992, alilinganisha Kinshasa, Dar es Salaam, Swaziland, ambayo sasa huitwa Eswatini, na Cape Town. Katika miji hiyo alikuta mgonjwa akitoa wimbo wake na wenzake wakiupokea, na aliyeteswa jana akifundishwa polepole kuwatibu walioteswa leo. Huo ndio ushahidi. Mtu hamalizi ngoma akaenda zake: huingia katika deni la kuwaitikia wengine.

Mwalimu wa ng'ambo aweza kusema kwamba wanafunzi wake nao hukaa pamoja katika chumba kimoja. Ni kweli, na huenda sehemu kubwa ya faraja waipatayo yatoka hapo. Lakini kila mmoja ameinamia pete yake. Siku ikiisha kila mmoja huchukua yake, na hakuna amwiaye mwenzake kitu. Mteja wa kilingeni hana ruhusa hiyo: ngoma ya mwenziwe ikilia, sharti aende.

Hapa methali yetu yatufaa kuliko vitabu. Wazee walisema, mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na sisi tumezoea kuitumia kumlaumu mwenye choyo. Lakini tuisome pia kama aisomavyo fundi. Ngozi ikivutwa na mtu mmoja kutoka upande mmoja hukaa upogo, na ngoma hulia vibaya. Ikivutwa na wengi waliokaa mkabala, kila mmoja akiivuta kwake, hukaa sawa. Kwa hiyo kosa halimo katika kuvuta kwako, maana kila mgonjwa huvuta kwake na ana haki. Kosa ni kutokuwapo mtu wa kuvuta upande wa pili.

Kwa kipimo hicho hicho hatuna budi kujipima wenyewe. Kilinge cha pwani nacho kina wavutaji wa upande mmoja. Wako waganga ambao pepo zao hazishibi, wakaongeza siku na mbuzi hata nyumba ya maskini ikabaki tupu. Na wako waliomchezea ngoma mtu mwenye homa ambaye alistahili kupelekwa hospitali asubuhi ile ile. Mwenye kuandika kana kwamba uganga wa Kiafrika ni safi kwa kuwa ni wa Kiafrika hufanya kosa la Harner kwa upande mwingine: naye amekimenya kitu akabakiza anachokipenda.

Vipimo vya siku hizi haviko mbali na rai hii. Mwaka 2016 watafiti wa London walitoa habari za watu waliokuwa wakihudumiwa kwa maradhi ya akili, ambao walipiga ngoma pamoja mara moja kila juma kwa majuma 10. Majonzi na hofu zao zilipungua, na ustahimilivu wao katika maisha ya pamoja uliongezeka. Utafiti mmoja si mwisho wa maneno. Hata hivyo tuangalie kilichopimwa: ni kupiga pamoja, kwa muda, chini ya mwongozi, na kurudi tena juma lijalo. Hakikupimwa kitu kilichotundikwa ukutani.

Basi hukumu yetu ni ya nusu kwa nusu. Mafundisho ya kuunda ngoma ni mafundisho mema ya kazi ya mikono, na mwenye huzuni akiyafuata hatapata dhara ila ada yake, mradi asiache dawa za tabibu. Lakini yakijiita uganga wa ngoma yamechukua jina kubwa kuliko kiwiliwili chake. Yametwaa maana ya kwanza ya neno letu, mzinga na ngozi, yakaziacha nyingine mlangoni. Vijana wetu watakaoyapokea yatakaporudi kwetu yamevikwa nguo mpya wajue kilichopungua, wasije wakanunua kwa bei ghali robo ya kitu ambacho bibi zao walikuwa nacho kizima, pamoja na kasoro zake.

Na aliyekwisha kuunda ngoma yake asiitupe. Aitoe nje. Amtafute mwenye msiba kuliko wake, akae mkabala naye, apige kidogo, kisha anyamaze asikilize kama yuko aitikiaye. Akiitikiwa, kazi imeanza.