Kanuni za Loto ya Huruma: Zamfunga Nani?

Mara nyingi twapima vitabu na michezo ya kuigiza: kipi kimeandikwa vema, kipi kimepungukiwa. Leo twapima karatasi moja tu, iliyobandikwa mlangoni pa ukumbi mmoja huku Muhumba. Msicheke. Karatasi ile ilikuwa na kanuni kumi na mbili za mchezo wa loto, ambao wengine huuita bingo. Kwa sababu ya kanuni zile, mama mmoja mwema karibu apoteze jina lake.

Muhumba wengi mnaijua. Ni sehemu ya Ibanda, kwenye mojawapo ya rasi ambazo mji wa Bukavu umezinyoosha ndani ya Ziwa Kivu. Kuna nyumba kubwa zenye malango na walinzi. Lakini misa ya Jumapili huwakutanisha mwenye nyumba na mlinzi wake, mwenye ofisi na mama auzaye sambaza. Chama kimoja cha Wakristu wa huku kilikusudia kazi njema: kuwalipia kina mama waliojifungua, wasioweza kutoka hospitalini kwa sababu ya deni. Jambo hili si geni kwetu. Mtoto amezaliwa, mama amepona, lakini kitanda kimekuwa gereza, na kila siku ipitayo deni laongezeka. Tena mwaka 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa Februari na mabenki yakafunga milango, noti zilikuwa adimu hata kwa wenye mishahara. Mchango wa kawaida haukutosha. Basi chama kikasema: Tucheze loto.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Kila mtu hununua kadi yenye nambari kumi na tano, katika mistari mitatu. Mfukoni mna nambari 90. Mmoja huzichomoa moja moja na kuzitaja kwa sauti. Atakayetimiza mstari kwanza hupata zawadi. Faida ibakiyo huenda kwenye kazi ya huruma.

Wengine watauliza: Je, Mkristu aweza kucheza bahati nasibu? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika nambari 2413, yajibu wazi. Mchezo wa bahati si dhambi kwa wenyewe. Huwa mbaya pale unapomnyima mtu kitu cha lazima kwa riziki yake na ya wale anaowatunza. Tena yaonya ya kuwa tamaa ya mchezo yaweza kumfanya mtu mtumwa. Basi hatugombani na loto. Twagombana na karatasi.

Tuanze na sifa zake, maana mhakiki asiyeona jema hafai. Imeandikwa kwa Kiswahili safi, na Kifaransa chini yake, hata mgeni aweze kuelewa. Yaagiza nambari zichomolewe mbele ya macho ya watu wote, na mfuko utikiswe kila mara. Yaagiza kadi ya mshindi isomwe tena kwa sauti. Hizo ni kanuni za haki, nasi twazisifu.

Lakini tusome zilizobaki. Kadi iliyochanika haihesabiwi. Asiyeita kabla ya nambari inayofuata, amepoteza. Kadi ikisha kununuliwa, fedha hairudi. Zawadi yaweza kubadilishwa bila taarifa. Uamuzi wa kamati hauna rufaa. Na ya kumi na mbili, mwisho kabisa: Faida ni ya kuwasaidia wagonjwa.

Je, mmeona kilichopungua? Kanuni zote zamfunga mchezaji. Wamiliki wa mchezo hawakufungwa hata na moja. Ni nani atunzaye fedha? Hakuna neno. Zawadi zitachukua sehemu gani? Hakuna neno. Wanakamati na jamaa zao waruhusiwa kucheza? Hesabu itasomwa lini, na mbele ya nani? Hakuna neno. Hata ile kanuni ya mwisho yasema wagonjwa, bila kusema wagonjwa gani. Kumbe watu walikuwa wameambiwa ni kina mama walio na deni la uzazi.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Loto ilichezwa Jumapili mbili, na ukumbi ulijaa. Wengi walilipa kwa simu, na fedha ikaingia katika nambari ya mama mmoja, mtunza sanduku, yenye jina lake mwenyewe. Majuma sita yakapita. Mtu akauliza mbele ya kanisa: Zile fedha zilifika wapi? Akajibiwa: Zilisaidia. Jibu hilo halikumshibisha mtu. Juma lililofuata ikasemwa ya kwamba mama yule amenunua vitenge vipya. Juma jingine ikasemwa amelipa karo ya watoto. Watu wakaacha kukaa karibu naye misani.

Siku moja alitufungulia mkoba wake. Mlikuwa na risiti tatu za hospitali, kila moja na muhuri wake. Kina mama watatu walikuwa wamekwenda nyumbani na watoto wao. Fedha yote ilikuwa imefika! Hakuna aliyeiba hata franka moja. Lakini kwa kuwa hakuna kanuni iliyomwagiza kuonyesha risiti, hakuzionyesha. Na kwa kuwa hakuzionyesha, alihukumiwa bila baraza. Chama kilipotaka kucheza mara ya tatu, kadi hazikununuliwa. Mama wa nne alibaki kitandani, naye hakujua kosa lake ni nini.

Hapo ndipo ilipo hatia ya karatasi ile. Wengi hudhani kanuni za hesabu huwekwa kwa ajili ya wezi. La hasha. Mwizi hupita hata penye kanuni. Kanuni huwekwa kwanza kwa ajili ya mwaminifu, ili uaminifu wake uwe na shahidi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: hata jina jema hupotea vivyo hivyo.

Wengine watasema: Hii ni kazi ya Mungu, mbona mwaihesabu kama duka? Mtume Paulo awajibu. Alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika barua ya pili kwa Wakorinto, sura ya 8, aeleza ya kuwa alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, asije mtu akamlaumu kwa ajili ya fedha ile nyingi; maana alitaka mambo yawe mema mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Ikiwa Paulo alitafuta mashahidi, sisi wa Muhumba ni nani hata tusiwatafute?

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yafuata njia hiyo hiyo. Kanuni ya 1267 yasema kilichotolewa kwa kusudi fulani kitumike kwa kusudi hilo tu. Kanuni ya 1287 yawataka wanaosimamia mali ya Kanisa wawape waamini hesabu ya vitu walivyovitoa. Na sheria ya nchi yetu, nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, yasema chama kisicho cha faida hakiwatafutii wanachama wake mali, tena biashara kwake ni jambo la pembeni tu. Basi loto ya chama si duka la chama.

Wala sisi si wa kwanza kulifikiri jambo hili. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 31 Desemba 1851 ilikataza bahati nasibu, ikaziacha zile za ibada, za huruma na za manufaa ya wote, nazo kwa ruhusa ya wakuu. Mwaka 1957 wapigakura wa jimbo la New York, huko Marekani, waliruhusu bingo ya vyama vya dini na vya huruma. Lakini waliandika vizuizi ndani ya katiba yao. Wanaouendesha mchezo wawe wanachama wa kweli. Asilipwe mtu kwa kazi hiyo. Faida yote iende kwenye kazi ya chama. Zawadi ya mchezo mmoja isizidi dola 250. Tazameni: kanuni zile zilimfunga mwenye mchezo, si mchezaji.

Na sisi tuna kumbukumbu yetu. Mwaka 1934 Ubelgiji ilianzisha Loterie Coloniale, ili kupata fedha kwa ajili ya koloni la Congo. Bahati nasibu ilichezwa kwa jina la nchi yetu, lakini wazee wetu hawakuwa na sauti mahali fedha ilipogawanywa. Je, twataka kuwatendea kina mama wa hospitali vivyo hivyo: kutumia jina lao na kuwaficha hesabu?

Basi, kwa kuwa si vema kubomoa bila kujenga, twapendekeza kanuni sita za kuandikwa juu ya zile kumi na mbili.

1. Kusudi litajwe wazi kabla ya kadi ya kwanza kuuzwa, pamoja na sehemu ya fedha itakayofika. Tuseme kadi 300 zauzwa kwa franka 2,000: ni franka 600,000. Zawadi zichukue 240,000, viti na mafuta ya jenereta 60,000, zabaki 300,000. Basi mnunuzi aambiwe: nusu ya fedha yako itafika hospitalini.

2. Fedha itunzwe na watu wawili wasio wa nyumba moja. Ya simu iandikwe daftarini siku ile ile, mbele ya wote wawili.

3. Wanakamati wasicheze, wala wasilipwe.

4. Kadi zisiuzwe kwa deni, wala kwa watoto, wala zaidi ya tatu kwa mtu mmoja. Mama auzaye sambaza asije akacheza unga wa jioni.

5. Hesabu ibandikwe mlangoni pale pale palipobandikwa kanuni, kabla ya Jumapili mbili kupita, na nakala apewe paroko.

6. Hesabu itaje idadi ya waliosaidiwa na kiasi kilicholipwa, lakini isitaje majina yao. Maskini asilipe msaada kwa aibu yake.

Twajua chama chenyewe kitasoma maneno haya. Wapenzi, hatukuandika ili kuwavunja moyo. Mlifanya kazi ambayo wengi wetu, tuliokuwa tumekaa tu, hatukuifanya. Watoto watatu wanalala nyumbani kwao kwa ajili yenu. Lakini iondoeni karatasi ile, mwandike nyingine. Na sisi wengine tuliosikia uvumi tukaupitisha kwa jirani, tuna deni pia: twende kwa mama mtunza sanduku, tumwombe msamaha kwa kinywa kile kile tulichomsengenya nacho. Kisha tununue kadi.

Maana mama wa nne angali anahesabu siku.