Pikipiki ya Kwanza na Makosa ya Anayejifunza

Binti wa kaka yangu alipomaliza chuo cha afya Kolandoto na kupata kazi katika zahanati ya ndani ndani, upande wa Kishapu, alinijia na swali moja. "Shikamoo, baba mdogo. Eti nichukue Boxer ya mia na hamsini au ya mia?" Chombo pekee alichowahi kuendesha ni baiskeli. Nilimwambia injini tuiweke kando kwanza, tukaitazame njia atakayopita. Yaliyofuata kwa wiki tatu ndiyo ninayoyachambua leo, kwa sababu vijana wengi wa kwetu huchagua pikipiki ya kwanza kwa kumtazama dereva wa bodaboda. Yule ana kazi yake. Anapakia abiria wawili na gunia la mkaa, anakimbizana na hesabu ya bosi, na mkono wake umeshazoea. Anayeanza bado hajui hata klachi inashikia wapi.

Kolandoto iko kwenye lami ya Shinyanga–Mwanza, na pale ndipo inapochepuka barabara ya Lalago na Mwanhuzi. Ukiingia njia za vijijini, udongo unakubadilikia kila baada ya mwendo mfupi. Juu, karibu na vilima vya mawe, kuna luseni, mchanga mwepesi unaolegeza tairi la mbele. Ukishuka unakuta itogolo, udongo mgumu kama sakafu. Bondeni ni mbuga, udongo mweusi. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, aliuita mpangilio wa namna hii katena, yaani mnyororo. Wasukuma walikuwa wameshaupa kila udongo jina lake kwa sababu waliulima. Mwendesha pikipiki naye anaupita mnyororo huo wote asubuhi moja.

Mbuga ndiyo mwalimu mkali. Kiangazi inapasuka nyufa, mvua zikinyesha inavimba na kunata. Tulimkuta kijana amekwama siku mbili baada ya mvua, injini nzima, mafuta yapo, lakini tairi la mbele halizunguki kabisa. Madigadi ya pikipiki yake ilikuwa karibu na tairi kiasi cha kupitisha kidole, na ule udongo mweusi ulikuwa umejaa katikati ukabanana kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Alikuwa akikwangua kwa ufunguo wa kuwashia. Binti yetu alitoa simu akaandika: "nafasi ya madigadi". Duka gani la pikipiki limewahi kumweleza mteja habari hiyo?

Kisha tukaazima pikipiki tatu: Honda XL ya bwana shamba mstaafu, Boxer 150 ya kijiweni na 125 ya Kichina ya jirani. Nilimpeleka kwenye mchanga, na jaribio la kwanza halikuwa kuendesha. Kila pikipiki tuliilaza chini taratibu, bomba la mafuta limefungwa, naye aiinue peke yake. Namna yake ni kuipa mgongo: kalio lipo kwenye kiti, mkono mmoja umeshika hendeli, mwingine keria, halafu unasukuma kwa miguu kwenda nyuma. XL iliinuka kirahisi na madigadi yake iko juu, mbali na tairi, tope halina pa kubana. Lakini kiti chake kiliacha vidole vya miguu tu vikigusa ardhi, na kila alipotaka kusimama ilimlalia. Boxer ile, pamoja na vyuma vya kukinga injini na keria nzito ya kazi, ilimchukua mara tatu hadi jasho likamtoka. Ile 125 aliiinua mara ya kwanza, na nyayo zote mbili zilikanyaga chini.

Hapo ndipo nilipomwambia ninachokiamini kuhusu jambo hili: pikipiki ya kwanza ichague kwa makosa utakayoyafanya mwaka wa kwanza. Utaizimisha mara nyingi. Utashikilia klachi nusu nusu mpaka pleti zitoe harufu ya kuungua. Utaiangusha ikiwa imesimama, na mkono wa klachi, kioo na indiketa vitavunjika. Utasahau kubadili oili.

Kosa hilo la mwisho ndilo lililoizaa Honda CG125 mwaka 1976. Honda ilikuwa ikiuza katika nchi zinazoendelea pikipiki ambazo kemu yake, chuma kinachofungua vali, iko juu kwenye kichwa cha injini na inazungushwa kwa mnyororo mdogo wa ndani. Mpango huo unataka oili safi kwa wakati, na wenye pikipiki walikuwa hawaibadili. Wahandisi hawakuishia kumlaumu mtumiaji. Waliishusha kemu chini, ikazungushwa kwa gia, na vali zikasukumwa kwa vijiti virefu. Ule mnyororo ukaondoka pamoja na shida zake. Injini haikimbii sana, ila inavumilia vumbi na uzembe. Mpango huo ulinakiliwa mno China, na ndiyo maana fundi wa chini ya mwembe anaweza kuifungua pikipiki ya ukoo wa CG hata kama chapa ya kwenye tenki hajawahi kuisikia. Ubaya wake ni kwamba nakala hazilingani: chuma cha nyingine ni laini, boliti inakatika mkononi mwa fundi. Boxer na TVS zinatumia kemu ya juu, ni injini nzuri na hazinywi mafuta mengi, mradi oili ibadilishwe.

Tukatembea madukani kuanzia Kolandoto hadi kijiji atakachofanyia kazi, tukiuliza vitu vitano tu: waya wa klachi, klachi pleti, mkono wa klachi, tiubu na breki shuu. Vya Boxer vilikuwepo hadi mwisho wa lami, vya ukoo wa CG vilitufuata mpaka senta ya kijijini, vimening'inia kwenye msumari kando ya chumvi na sabuni. Vya XL havikuwepo popote.

Alinunua 125 iliyotumika, ya ukoo huo wa CG, na hapa naomba msomaji awe makini. Kwa muuzaji wa kwanza tulikuta pikipiki tayari inanguruma. Niliweka kiganja karibu na injini, ilikuwa ya moto. Mtu anayeiwasha kabla hujafika huenda anaficha shida ya kuwaka asubuhi, kwa hiyo tuliondoka. Ya pili ilikuwa baridi, ikawaka kwa kiki mbili, na ilipopata moto haikutoa moshi wa bluu. Tulifungua kiti tukatafuta alama za kuchomelea, kwa sababu fremu iliyobeba mishikaki na magunia hupasuka nyuma. Namba ya chesisi tuliisoma kwa tochi, tukailinganisha na kadi, na jina la kwenye kadi tukalilinganisha na kitambulisho cha muuzaji. Pikipiki nyingi ziko kwenye mkataba na bosi ambao haujaisha.

Fundi aliihamisha madigadi ya mbele, akaifunga juu, chini ya taa. Tairi la nyuma likawekwa lenye meno makubwa.

Kofia ngumu tuliinunua siku hiyo hiyo, kabla ya kulipia kubadilisha kadi. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2008 yalikadiria kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Alijaribu nne. Kila moja nilimfunga mkanda kidevuni, nikaisukuma kutoka nyuma kwenda mbele. Tatu zilimvuka usoni. Ya nne ilikataa kutoka, akalalamika inambana mashavu, nikamwambia ndivyo inavyotakiwa.

Juzi alipiga simu akiwa zahanati. Waya wa klachi ulikatika mtoni, akasukuma hadi senta na kuupata kwenye ule ule msumari. Ameshanunua wa pili, ameufunga kwenye keria pamoja na kijiti cha kukwangulia tope.